Mnyama Uliyemwona Njiani: Kutengeneza Mfarishi Mdogo wa Picha

[Muziki wa kipindi. Unashuka taratibu.]

  Leo tunazungumzia kazi ya mikono inayohitaji sindano moja, rangi kidogo, na vipande vya nguo ambavyo pengine ungevitupa. Tunatengeneza mfarishi mdogo wa picha, na picha yenyewe ni ya mnyama uliyemwona safarini.

Mfarishi ni neno la zamani. Ni shuka nene la tabaka tatu: kitambaa cha juu, kitu laini cha kujaza katikati, na kitambaa cha chini, vyote vikishikwa pamoja kwa mishono. Mfarishi wetu wa leo si wa kujifunika. Ni mdogo, unakaribia ukubwa wa ukurasa wa daftari kubwa, na ni wa kutundika ukutani. Uso wake unapakwa rangi kwanza, kisha unashonwa.

KWA NINI MNYAMA?

Kila aliyesafiri kuja kambini alikutana na wanyama. Kuna aliyevuka Ziwa Tanganyika akamwona furukombe juu ya maji. Kuna aliyesikia kiboko akikoroma usiku karibu na mto Malagarasi. Kuna aliyepita malisho ya kusini magharibi mwa Uganda, akakuta ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu kama mikono iliyoinuliwa. Na kuna ambaye hakuona la ajabu: mbuzi wa jirani aliyewafuata hadi njia panda, mbwa aliyebaki mlangoni, kunguru juu ya paa la kituo cha mapokezi.

Mtu akikuuliza habari za safari yako, mara nyingi anataka yale mazito. Mengine huyataki kuyasema, na una haki ya kutoyasema. Siku moja mwanao pia atauliza. Hapo mnyama anakusaidia. "Tulimwona kiboko" ni maneno ya kweli, ni yako, na hayakulazimishi kueleza yaliyotokea kabla ya kiboko wala baada yake. Unafungua mlango kwa kiasi unachotaka wewe.

Ikiwa ukianza kuchora moyo unakuwa mzito kupita kiasi, weka kazi chini. Zungumza na mtu unayemwamini, au na mshauri wa jamii katika kambi yako. Siku nyingine chora mnyama unayemwona leo hapa kambini. Naye ni wa safari yako, kwa kuwa safari haijaisha.

WALIOTUTANGULIA

Wewe si wa kwanza kuitia safari yako kwenye kitambaa. Baada ya vita vya Laos kumalizika mwaka 1975, watu wengi wa jamii ya Hmong walivuka mto Mekong wakakimbilia Thailand. Walikaa kwenye kambi kama Ban Vinai. Wanawake wa Hmong walikuwa mabingwa wa kutarizi tangu zamani, ila nakshi zao zilikuwa za maumbo: mizunguko, pembe, misalaba, maua. Kambini jambo jipya likazaliwa. Walianza kutarizi picha za watu, za mto, za vijiji walivyoviacha na za wanyama wa misitu ya kwao. Mara nyingi wanaume walichora mistari, wanawake wakashona. Vitambaa hivyo viliuzwa na kusafiri mbali, na leo vingine vimo kwenye majumba ya makumbusho.

Mfano wa pili unatoka Marekani. Harriet Powers alizaliwa utumwani katika jimbo la Georgia mwaka 1837. Baada ya kuwa huru alishona mifarishi ya picha kwa vipande vya nguo vilivyokatwa maumbo ya watu, nyota na wanyama. Mifarishi yake miwili ipo hadi leo, mmoja Washington na mmoja Boston. Katika ule wa Boston kuna nguruwe jike aitwaye Bett. Kwa maelezo ya Harriet, nguruwe huyo asiyetawaliwa na mtu alikimbia maili 500 kutoka Georgia hadi Virginia, yaani kilomita 800 hivi. Wapo wanaoona kwamba kwa nguruwe yule Harriet aliwasema watumwa waliotoroka. Hakusema hivyo waziwazi. Alimshona nguruwe, akaacha wenye macho waone.

Mfarishi wake wa kwanza alikataa kuuuza. Miaka ilipopita na maisha yakawa magumu, aliomba dola 10, akapewa 5. Lakini alifanya jambo moja la maana sana: alimweleza mnunuzi kila picha ina maana gani, na mnunuzi akaandika. Bila maandishi yale, sisi tungeona maumbo mazuri tu, na habari yake ingepotea. Shika jambo hilo. Tutalirudia.

[Muziki mfupi]

VIFAA

Kwanza, kitambaa cha uso. Tafuta pamba, yenye rangi nyeupe au hafifu: kipande cha marekani, shuka kuukuu, au shati lililochakaa kwenye kola lakini zima mgongoni. Kujua kama ni pamba, chomoa uzi mmoja uuchome kwa uangalifu, mbali na watoto na mahema. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Nailoni na poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Mifuko ya plastiki iliyofumwa ya unga au mchele haifai, maana rangi hubanduka juu yake.

Fua kitambaa kwa sabuni na maji ya moto kiasi, hata kama ni kipya. Kitambaa kipya kina wanga, na wanga huzuia rangi isishike. Isitoshe, kikisinyaa ni bora kisinyae sasa kuliko baada ya kushonwa.

Pili, kijazo. Kipande cha blanketi kuukuu kinatosha. Tatu, mgongo: kitenge chochote kilichobaki kwa fundi cherehani.

Vipimo ni hivi. Uso na kijazo, kila kimoja sentimita 20 kwa 25. Mgongo uwe mkubwa zaidi, sentimita 26 kwa 31, ili ubaki na sentimita 3 kila upande za kukunjia pindo.

Nne, rangi. Rangi maalumu ya vitambaa ni bora, na ya akriliki inafaa pia. Zikikosekana, rangi ya maji ya kupakia ukuta inaweza kutumika, ikizimuliwa kwa maji kidogo tu. Ukizidisha maji, inapoteza nguvu ya kushika. Rangi ya mafuta, ile ya milango na baiskeli, usiitumie: huacha duara la mafuta kwenye kitambaa na kukifanya kigumu kama ubao.

Kama huna hata ya ukuta, udongo upo. Twanga udongo mwekundu, uchekeche kwa kitambaa chepesi hadi uwe kama unga. Loweka soya usiku kucha, isage na maji, kamua maziwa yake. Changanya maziwa hayo na udongo, upake. Maziwa ya soya huushikiza udongo kwenye pamba. Wajapani wametumia njia hiyo tangu kale. Tengeneza kidogo kidogo, kwa sababu maziwa huchacha upesi, na baada ya kupaka acha kitambaa majuma mawili au matatu kabla ya kukilowesha. Ama manjano ya jikoni, hupendeza siku ya kwanza, lakini jua huifuta haraka.

Brashi? Kijiti kilichotafunwa ncha kama mswaki wa mti kinapaka vizuri. Mswaki kuukuu unafaa kurushia matone madogo ya nyasi na vumbi.

KUCHORA NA KUPAKA: TUMCHUKUE YANGEYANGE

Ili tusizungumze hewani, tuchukue mnyama mmoja ambaye karibu kila mmoja wetu amemwona: yangeyange, yule ndege mweupe anayetembea na ng'ombe. Humfuata ng'ombe kwa sababu ng'ombe akikanyaga nyasi, panzi huruka, naye huwadaka. Ni msafiri kweli huyu. Mwishoni mwa karne ya 19 ndege wa aina yake walivuka bahari ya Atlantiki kutoka Afrika, wakafika Amerika Kusini, wakazaana na kuenea huko.

Kabla ya kushika kalamu, funga macho ujiulize: nilipomwona, alikuwa anafanya nini? Alisimama kwa mguu mmoja? Alikuwa mgongoni mwa ng'ombe, shingo ndani kama mtu mwenye baridi? Tendo hilo moja ndilo picha yako. Wengi wanaweza kuchora ndege. Ndege yule, namna ile, saa ile, ulimwona wewe.

Chora kwenye karatasi kwanza, mistari ya nje peke yake. Mfanye mnyama mkubwa. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru kusini mwa Tanzania, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 bila shule ya sanaa, akitumia rangi za baiskeli juu ya vibao. Katika picha zake nyingi mnyama mmoja anajaza karibu kibao chote. Jicho halihangaiki kutafuta. Kwa kitambaa kidogo kama chetu, fuata hivyo: mnyama mmoja, au wawili wanaogusana, basi.

Sasa weka kitambaa juu ya karatasi, vishike pamoja penye mwanga wa jua, na ufuatishe mistari kwa penseli kidogo sana.

Kitambaa kikikazwa hupakika vizuri. Kibandike juu ya ubao au katoni gumu kwa pini. Kisha fuata mpangilio huu.

Moja: sehemu nyeupe usipake. Yangeyange ni mweupe, na kitambaa ni cheupe tayari. Unampata kwa kupaka kila kilichomzunguka. Hii ndiyo siri ya kazi nzima, na inaokoa rangi.

Mbili: anza na rangi hafifu, malizia na nzito. Anga na nyasi kwanza. Zikauke. Kisha ng'ombe, kwa udongo mwekundu au kahawia. Zikauke. Mwishoni mdomo wa njano, miguu na jicho.

Tatu: rangi iwe nzito kama uji mwepesi, na brashi iwe nusu kavu. Rangi ya majimaji hukimbia ndani ya nyuzi na kuvuka mistari. Lakini usiirundike pia, maana penye rangi nene sindano haipenyi.

Acha ikauke siku nzima kivulini. Kama ni rangi ya vitambaa, pindua kitambaa, weka kingine safi juu yake, upige pasi dakika 3 hadi 5. Joto ndilo linalofanya rangi ishike isitoke ikifuliwa. Ukitumia pasi ya mkaa, kitambaa hicho cha juu kitazuia pia jivu lisichafue kazi.

[Muziki mfupi]

KUSHONA

Tandaza mgongo, upande mzuri ukitazama chini. Juu yake, katikati, weka kijazo. Juu ya kijazo weka uso uliopakwa rangi. Piga bandi kwa mishono mirefu kutoka katikati kwenda pembeni, kama miale ya jua, ili tabaka zisihame. Bandi hizo utazitoa mwishoni.

Sasa shona kwa mishono midogo, miwili au mitatu kwa kila sentimita, ukipitisha sindano tabaka zote tatu. Zunguka kwanza mistari ya mnyama wako. Halafu jaza mishono kwenye anga na nyasi: mistari ya mlalo kwa anga, mistari mifupi ya wima kwa nyasi. Mwili wa mnyama mwenyewe uache bila mishono, au utie michache sana.

Hapa ndipo mfarishi unapopita picha ya kawaida. Penye mishono mingi kitambaa huzama, pasipo na mishono huinuka. Kwa hiyo yangeyange wako atatoka mbele kidogo, kama anayepumua. Hata asiyeona vizuri anaweza kumfuata kwa kidole.

Mwisho, kunja kingo za mgongo mara mbili kuja mbele, zifunike kingo za uso, uzishone kwa mishono ya kujificha. Hapo kitenge kinakuwa fremu. Nyuma, juu, shona ukanda wa nguo wa kupitishia kijiti cha kutundikia. Usibandike manyoya wala ngozi ya mnyama wa porini, hata uliyoiokota. Nchi nyingi zina sheria kali juu ya vitu hivyo, na kitu kidogo kinaweza kukuletea shida kubwa.

MANENO YA NYUMA

Sasa tumrudie Harriet Powers. Kata kipande cha pamba nyeupe, andika kwa kalamu isiyofutika, ukishone nyuma ya mfarishi. Sentensi mbili au tatu zatosha, kwa lugha yako: ni mnyama gani, alikuwa anafanya nini, nawe ulifikiri nini. Kwa mfano: "Huyu ni yangeyange. Alikuwa juu ya ng'ombe, mvua inanyesha, wala hakuruka. Nilisema, kumbe mtu anaweza kutulia hata mvuani." Kama hujui kuandika, mwambie mtoto wako akuandikie. Pengine hiyo ndiyo siku atakayoisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza.

Lakini tahadhari, ndugu yangu. Kitambaa kinaweza kusafiri kwenda kwa watu usiowajua. Usiandike majina ya waliobaki nyumbani, wala mahali mlipovukia mpaka, wala majina ya waliowasaidia njiani. Mnyama na neno lako vinatosha.

KAMA UNATAKA KUUZA

Wengine watapenda kuuza. Ni vizuri, ila fanya hesabu kwanza. Andika gharama ya kitambaa, uzi na rangi. Hesabu saa ulizotumia. Uliza fundi cherehani wa kambini analipwa kiasi gani kwa siku, nawe jilipe kwa kiwango hicho, hata kama umefanya kazi ukiwa umeketi mlangoni kwako. Jumlisha. Chini ya hapo unampa mnunuzi jasho lako bure. Dola 5 za Harriet zilikuwa bei ya shida, hazikuwa bei ya kazi.

Kabla ya kuuza nje ya kambi, uliza utaratibu kwa kiongozi wa mtaa wako au ofisi inayohusika, kwa kuwa kila nchi ina kanuni zake. Ulizia pia vikundi vya mafundi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilianzisha mpango uitwao MADE51, unaowaunganisha mafundi wakimbizi na biashara za kijamii zinazotafuta soko. Namba 51 ni ya mwaka 1951, mwaka wa Mkataba wa Wakimbizi. Mpango huo haupo kila kambi, na wanunuzi hutaka kazi iliyo safi na yenye vipimo sawa. Ndiyo maana kufanya kazi katika kikundi kunasaidia: mmoja ana jicho la kuchora, mwingine ana mkono wa kushona, mwingine anajua hesabu.

Na mtu atakuja kukuambia: "Chora simba, wanunuzi wanapenda simba." Kama ulimwona simba, mchore. Kama ulimwona mbuzi, mchore mbuzi. Picha za simba zimejaa kwenye vibanda vya miji mikubwa, nyingi zikifanana kama mapacha. Mbuzi aliyewafuata hadi njia panda hayuko popote isipokuwa kwenye kumbukumbu yako. Usipomtoa wewe, hakuna mwingine atakayemtoa.

MASWALI KWA KIKUNDI CHA WASIKILIZAJI

1. Ni mnyama gani unayemkumbuka kutoka safarini? Alikuwa anafanya nini?
2. Kwa lugha ya nyumbani kwenu anaitwaje, na wazee walisema nini juu yake?
3. Katika kikundi chenu, nani anajua kuchora, nani kushona, nani ana kitambaa cha kugawana?
4. Ni maneno gani mngeandika nyuma, na ni yapi mngeyaacha?

Ndugu msikilizaji, kama huna kitambaa juma hili, anza na karatasi. Kama huna karatasi, chora mchangani kwa kijiti mbele ya watoto, uwaulize ni mnyama gani. Wakikosea wote mkacheka, kazi imeanza. Sindano itafuata.

  

[Muziki wa kipindi unapanda. Mwisho.]